Je, halijoto inayoandikwa na kola inaweza kuchukuliwa kuwa halijoto ya mwili wa mnyama?

Nyayo_za_Alfajiri aliuliza:

Ndugu zangu, naomba mwongozo wenu katika jambo linalonikwamisha. Ninafanya utafiti wa swala wenye uzito wa kilo 50 hivi, na kwa miezi 7 sasa nina wanyama 6 waliofungwa kola zenye GPS, kihisi cha mtikisiko na kihisi cha halijoto. Kila baada ya dakika 5 kola huandika namba moja inayojumlisha mtikisiko wa shingo katika dakika hizo, na pembeni yake huandika halijoto. Kola hizi zilinunuliwa kwa ajili ya kufuatilia nyendo zao tu; safu ya halijoto ilikuja kama nyongeza ambayo hakuna aliyeiomba. Hata hivyo, msimamizi wangu alipoiona katika jedwali alipendekeza niandike sura nzima kuhusu namna wanyama hawa wanavyoruhusu halijoto ya miili yao kupanda mchana na kushuka usiku.

Namba zenyewe zinanitia shaka. Ya chini kabisa ni nyuzi 14 za Selsiasi na ya juu kabisa ni nyuzi 43. Kuna asubuhi ambapo dume mmoja alipanda kutoka nyuzi 31 hadi 37 ndani ya dakika 20, muda mfupi baada ya jua kuchomoza, ilhali kihisi cha mtikisiko kilikuwa karibu na sifuri. Nimefikiri kwamba alikuwa anaota jua, na kwamba labda nikitoa halijoto ya hewa kwa kanuni fulani nitabaki na halijoto halisi ya mwili. Je, kanuni hiyo ipo? Na kama haipo, ni njia gani ya kupima halijoto ya mwili inayomsumbua mnyama kidogo kuliko zote, na nitaioanishaje na takwimu za shughuli ambazo tayari ninazo? Niongeze kwamba wanyama 2 kati ya hao 6 huanza shughuli zao za asubuhi takriban saa 3 kabla ya wenzao, jambo ambalo nimelichukulia kuwa tofauti ya tabia.

Mzani_wa_Joto alijibu:

Ndugu Nyayo, shaka yako ina msingi, na kanuni unayoitafuta haipo. Kihisi kilichomo ndani ya kasha la kola kinapima halijoto ya kasha la kola. Kasha hilo linapata joto kidogo kutoka shingoni kupitia manyoya, ambayo kazi yake ni kuzuia joto lisipite, na linapata joto jingi zaidi kutoka juani, hewani na ardhini pale mnyama anapolala. Kiasi cha kila chanzo hubadilika kila shingo inapogeuka, kila upepo unapovuma na kila kola inapozunguka, kwa hiyo huwezi kukitoa kwa kanuni moja.

Mfano wako wa dume aliyepanda nyuzi 6 kwa dakika 20 unafaa kupigiwa hesabu, kwa kuwa hesabu hiyo inamaliza mjadala. Kilo moja ya mwili wa mnyama inahitaji takriban kilojuli 3.5 ili ipande nyuzi moja. Kilo 50 zikipanda nyuzi 6 zinahitaji kilojuli 1,050, na ukizigawa kwa sekunde 1,200 unapata wati 875. Mnyama wa uzito huo akiwa ametulia huzalisha wati 65 hivi. Ungehitaji basi chanzo kinachomwaga joto mwilini mwake kwa zaidi ya mara 13 ya kiwango chake cha utulivu, bila tone moja kupotea. Swala anayekimbia kwa nguvu zake zote anaweza kukaribia kiwango hicho kwa muda mfupi, ila kihisi chako cha mtikisiko kinashuhudia kwamba huyu hakukimbia, na jua lililoko chini kwenye upeo wa macho haliwezi kumpa nishati hiyo. Kilichopata joto ni gramu chache za plastiki na betri. Tazama pia kwamba ni shughuli iliyokuwezesha kutoa hukumu hiyo. Halijoto peke yake isingetosha.

Nikiri kwamba wazo la msimamizi wako lina historia ndefu, na huenda ndiyo iliyomvutia. Mwaka 1957 Knut Schmidt-Nielsen na wenzake walichapisha vipimo vya ngamia waliofugwa katika Sahara, wakaonyesha kwamba ngamia aliyenyimwa maji huteremka hadi nyuzi 34 hivi alfajiri na kupanda kupita 40 alasiri, ilhali aliyekunywa vya kutosha hubadilika kwa nyuzi 2 hivi tu. Kwa mnyama wa kilo 500, kuhifadhi joto la nyuzi 6 mpaka usiku ni kuokoa lita 4 na kitu za maji ambayo yangetoka kwa jasho. Baadaye C. Richard Taylor aliwaweka choroa katika chumba cha joto kali, akaandika kwamba halijoto yao ya puru ilivuka nyuzi 45 nao wakawa hai. Maelezo yaliyoenea ni kwamba ubongo ulikuwa unalindwa na mtandao wa mishipa midogo iliyo chini yake, ambamo damu ya ateri hupoozwa na damu ya vena inayorudi kutoka puani.

Tatizo ni kwamba ngamia na choroa hao hawakuwa huru. Hawakuweza kuchagua kivuli, saa ya kula wala mahali penye upepo. Vifaa vilipoanza kupandikizwa ndani ya wanyama wanaojitafutia wenyewe, picha ikawa nyingine. Claus Jessen na wenzake walipima halijoto ya damu na ya ubongo katika nyumbu weusi wakiwa porini, na matokeo yao ya 1994 yalionyesha kwamba upoozaji wa ubongo ulifanya kazi mnyama akiwa ametulia na ukatoweka alipofukuzwa, yaani wakati uleule ambao nadharia ilidai kwamba unahitajika zaidi. Duma naye alisemwa kwa miaka 40 kwamba huacha kukimbiza windo kwa sababu mwili umechemka. Chanzo cha dai hilo ni jaribio la 1973 ambamo duma waliokuwa wakikimbia juu ya mkanda wa mashine waligoma halijoto ilipofika nyuzi 40.5 hivi. Watafiti waliopandikiza virekodi katika duma huru nchini Namibia walichapisha mwaka 2013 kwamba mwisho wa mbio halijoto ilikuwa bado nyuzi 38 na ushei, duma awe amepata au amekosa. Ilipanda baadaye, mnyama akiwa amesimama, na ilipanda zaidi kwa aliyepata, nyuzi 1.3 dhidi ya 0.5, ingawa kiasi cha mwendo kilikuwa kilekile. Watafiti walihusisha jambo hilo na wasiwasi wa kunyang'anywa nyama. Bila kirekodi cha mwendo kilichokwenda sambamba na cha joto, kupanda huko kungeandikwa kuwa ni joto la mbio, na kosa lingeishi miaka mingine 40.

Kwa hiyo usiitupe safu yako ya halijoto, ila ibadilishe jina. Iite halijoto ya kola. Inakuambia, kwa ukali wa kadiri, lini mnyama alikuwa juani na lini kivulini, hasa ukiilinganisha na kipimajoto kilichowekwa ndani ya tufe jeusi la shaba lililotundikwa wazi katika eneo hilohilo. Inakuambia pia mnyama akifa, maana kola hufuata halijoto ya ardhi na mtikisiko hukoma. Sura ya halijoto ya mwili haimo humo.

Mshipa_na_Sindano alijibu:

Naongeza kwa upande wa tiba, kwa kuwa kazi yangu ni kuwalaza wanyamapori kwa nusukaputi na nimefanya upasuaji wa aina hii mara nyingi kiasi cha kutoupenda.

Ukitaka halijoto ya kiini cha mwili kwa miezi mingi katika mnyama asiyeshikika, njia inayoaminika ni kirekodi kilichopandikizwa ndani ya tumbo. Njia nyingine zipo, na kila moja ina kasoro ambayo ni lazima uijue mapema. Kidonge kikubwa kinachomezwa na mcheuaji hukaa katika tumbo la kwanza, ambako uchachukaji wa majani huzalisha joto lake, na kila mnyama anapokunywa maji baridi mstari hushuka ghafla, kiasi kwamba unapata rekodi nzuri ya saa za kunywa na rekodi mbaya ya halijoto. Kifaa kilichowekwa chini ya ngozi hakihitaji kufungua tumbo, lakini ngozi ni mahali ambapo mwili hutumia kumwaga au kubana joto, kwa hiyo unapima uamuzi wa mishipa ya ngozi. Sikio lina kasoro hiyohiyo. Kamera ya mionzi ya joto haimgusi mnyama kabisa, ila inaona manyoya.

Kuhusu vifaa, wengi huanza na iButton, kirekodi cha halijoto kinachojiandikia chenyewe, kwa kuwa ni ndogo, ya chuma, yenye umbo la kifungo na uzito wa gramu 3.3 hivi. Kwa mnyama wako uzito si tatizo lolote, ingawa kwa panya ni tatizo: ukifuata kanuni ya kutovuka asilimia 5 ya uzito wa mnyama, kifungo hicho peke yake kinadai mnyama wa gramu 66, na ukifuata ile ya asilimia 3 kinadai gramu 110. Tatizo lako wewe ni kumbukumbu. Toleo linalotumika sana huhifadhi vipimo 4,096 likiandika kwa hatua za nyuzi 0.0625. Kwa kipimo kimoja kila dakika 5 hilo linajaa baada ya siku 14; kwa kila dakika 10, siku 28; kwa kila saa, siku 170. Unaweza kupata vipimo 8,192 kwa kukubali hatua za nusu nyuzi, lakini swala wengi wenye afya hubadilika kwa nyuzi 1 au 2 tu kati ya alfajiri na jioni, na ngazi ya nusu nyuzi itaigeuza milima yako kuwa vipandio viwili au vitatu. Tafuta kirekodi chenye kumbukumbu kubwa zaidi.

Kabla ya kupandikiza, kila kifaa kiingizwe katika beseni la maji yanayochanganywa muda wote, karibu na kipimajoto cha rejea, na kisomwe kwenye halijoto kadhaa zinazofunika eneo lote unalolitarajia na zaidi kidogo. Mtu anayezoea swala atasema kutoka 32 hadi 44 kunatosha. Kwa swala ni kweli, ila usiichukue kanuni hiyo kwenda nayo kwa mnyama mwingine: Brian Barnes alionyesha mwaka 1989 kwamba kindi wa ardhini wa Aktiki, anapolala msimu mzima wa baridi, hufikisha kiini cha mwili nyuzi 2.9 chini ya sifuri bila damu yake kuganda. Kifaa kikishatolewa, kirudishwe katika beseni hilohilo, kwa maana vihisi huhama polepole na usipopima mara ya pili hutajua kama kushuka kwa nyuzi 0.2 katika mwaka mzima ni kwa mnyama au ni kwa kifaa. Kifunike kwa nta isiyodhuru mwili, kitakaswe kwa kemikali ya baridi wala si kwa mvuke, kwa sababu mvuke utaiyeyusha nta na kuua betri.

Mcheuaji aliyelazwa kwa ubavu hujaa gesi na anaweza kurudisha chakula kooni akakivuta mapafuni, kwa hiyo alazwe kifudifudi kila inapowezekana na upasuaji uwe mfupi. Swala wengi hupandisha halijoto wanapokamatwa, na chanzo chake kikuu ni hofu zaidi kuliko mwendo. Nimeona mnyama ambaye hakukimbia hata hatua 50 akipita nyuzi 41. Kwa sababu hiyo na ya jeraha, vipimo vya siku za mwanzo si vya mnyama wa kawaida. Mimi hutupa wiki 2 za kwanza, na kwa baadhi ya wanyama hutupa zaidi nikiona mdundo wa siku haujatulia.

Jambo la mwisho, na ndilo linalosahauliwa: kirekodi kilichomo tumboni hakikupi chochote mpaka ukitoe. Hiyo ni kukamatwa mara ya pili na kupasuliwa mara ya pili. Mnyama akiliwa na fisi kabla ya hapo, umepoteza mnyama na data. Andika hilo katika ombi lako la kibali cha maadili kwa maneno ya wazi.

Kivuli_cha_Mgunga alijibu:

Nawashukuru waliotangulia, lakini naona mazungumzo yamekwenda kwenye kisu haraka mno. Ndugu Nyayo hajatuambia swali lake ni lipi. Msimamizi aliona safu ya namba akaitafutia sura, ilhali swali ndilo lingepaswa kutangulia.

Miezi 7 ya shughuli kwa kila dakika 5, ikiwa na GPS na halijoto ya kola inayoonyesha jua na kivuli, inatosha kujibu namna mnyama anavyopanga siku yake joto linapozidi. Choroa wa Arabia waliochunguzwa wakiwa huru nchini Saudi Arabia walihamisha sehemu kubwa ya shughuli zao kutoka mchana wa majira ya baridi hadi alfajiri, jioni na usiku katika kilele cha kiangazi, na walitafuta sehemu zenye kivuli. Matokeo hayo yanasomeka katika mwendo na katika halijoto ya mazingira waliyoyachagua. Tabia kwa kawaida hutangulia: mnyama hubadilisha saa na mahali kabla mwili wake haujalazimika kupanda hata nyuzi moja, kwa hiyo rekodi ya tumboni iliyonyooka haimaanishi kwamba hakuna kilichotokea. Kufungua matumbo 6 kwa sababu jedwali lina safu moja isiyofaa ni jambo ambalo mimi nisingelitetea mbele ya kamati.

Nyayo_za_Alfajiri alijibu:

Nawashukuru nyote, na naanza kwa kukiri kwamba ndugu Kivuli amenishika pabaya. Swali langu, nikilisema wazi, ni hili: wakati wa ukame wanyama hawa hupunguza shughuli za mchana, nami nataka kujua kama wanafanya hivyo kukwepa joto au kwa sababu wameishiwa nguvu kwa njaa. Mtikisiko utakuwa mdogo katika hali zote mbili, kwa hiyo sidhani kwamba shughuli peke yake itaniambia. Wanyama 4 watakamatwa tena kubadilishiwa betri za kola, na tena mara ya mwisho mwakani kuvuliwa kola hizo, kwa hiyo mikamato miwili ambayo daktari ameitaja ipo tayari katika mpango. Nikipewa kibali, niweke muda gani kati ya kipimo na kipimo, na nizioanishe vipi rekodi mbili zilizoandikwa na vifaa viwili tofauti?

Jedwali_Refu alijibu:

Swali lako jipya ni zuri na linabadilisha jibu. Nianze na saa, kwa sababu kazi nyingi ninazoombwa kuziokoa zimeharibikia hapo.

Kila kifaa kina saa yake, na kila saa inapotea kwa kasi yake. Iliyomo katika iButton inaweza kukosea kwa takriban dakika 2 kwa mwezi, hivyo kwa miezi 7 rekodi ya joto inaweza kuwa mbele au nyuma ya rekodi ya mwendo kwa dakika 14. Kwa mdundo wa siku nzima hilo halidhuru, lakini ukiuliza kama joto lilipanda kabla au baada ya mbio, dakika 14 zinakugeuzia jibu. Saa ya kola hujirekebisha kwa satelaiti, basi iwe ndiyo rejea. Siku ya kupandikiza, weka kirekodi mfukoni mwako kisha ndani ya maji ya baridi kwa dakika chache ukiandika saa ya kola. Siku ya kukitoa fanya hivyohivyo. Utapata vipeo viwili vya uhakika, mwanzo na mwisho, na katikati unanyoosha kwa uwiano. Tena, kuwe na kanuni moja ya majina ya saa. Vifaa vingine huandika saa ya UTC, yaani saa ya rejea ya dunia nzima, vingine saa ya kompyuta iliyoviwasha, na daftari la uwandani lenye "saa 3 asubuhi" linapokutana na jedwali lenye 09:00 kuna mtu atakayekosea kwa saa 6 bila kujua. Ndugu, kabla ya kuwapa wale wanyama wako 2 tabia ya kuamka mapema, hebu kagua mipangilio ya kola zao. Tofauti iliyo sawasawa kila siku kwa miezi 7 hainipi harufu ya tabia.

Muda kati ya vipimo utoke katika jambo unalolitafuta. Dubu weusi waliofuatiliwa Alaska wakiwa katika usingizi wa majira ya baridi, katika kazi iliyochapishwa 2011, walikuwa wakipanda na kushuka kati ya nyuzi 30 na 36 kwa mizunguko ya siku kadhaa, na kwa mnyama huyo hata kipimo cha kila saa ni anasa. Kwa mbio za duma, dakika 5 ni muda mrefu. Swali lako ni la kima cha chini cha alfajiri na kilele cha alasiri, kwa hiyo dakika 10 zinatosha, ingawa mimi ningechagua 5 ili kila kipimo cha joto kikae juu ya kipimo cha mwendo bila kukisia.

Namba za mtikisiko ziangaliwe kwa tahadhari. Hazina kizio, na kola iliyolegea hutikisika zaidi ya iliyobana, hivyo 40 ya mnyama mmoja si 40 ya mwingine. Zisanifishe ndani ya kila mnyama kwanza, kisha kaa umtazame kila mmoja kwa darubini siku kadhaa ukiandika anachofanya, ili ujue 40 yake ni kula au kutembea. Mnyama aliyelala akicheua na mnyama aliyelala usingizi watakuwa karibu na sifuri wote wawili, na kihisi cha jumla kama chako hakitawatofautisha. Akselerometa, yaani kihisi cha mwendo, inayoandika mihimili mitatu mara 25 kwa sekunde ingeweza, lakini kwa baiti 2 kwa kila namba hiyo ni takriban megabaiti 13 kwa siku kwa mnyama mmoja, na betri yako haitafika mwakani.

Mwisho, usidanganywe na wingi. Vipimo 288 kwa siku kwa siku 210 ni 60,480 kwa mnyama, na wanyama 6 wanakupa zaidi ya 362,000. Sampuli yako bado ni 6, na ukipandikiza 4 itakuwa 4. Kipimo cha saa 4:05 kinafanana na cha saa 4:00 kwa sababu mwili haujapata nafasi ya kubadilika, kwa hiyo jaribio lolote la takwimu linalovihesabu kama mashahidi huru litakuambia kwamba kila kitu kina maana. Kwa kila siku ya kila mnyama toa kima cha chini, kilele, tofauti yake na saa ya kilele, halafu mnyama awe kundi katika modeli yako. Watu wengi hupenda kulazimisha mkunjo wa kosaini. Mimi siupendi kwa swala, kwa kuwa siku yao mara nyingi ina vilele viwili, na mkunjo huo una kimoja.

Mzani_wa_Joto alijibu:

Swali la njaa dhidi ya joto linanifanya niungane na wanaosema upandikize, kwa masharti ya daktari. Ndugu Kivuli ana haki kwamba mwendo unajibu mengi, lakini hapa mwendo uko kimya, na halijoto ya tumboni inasema.

Mnyama mwenye joto na kiu huongeza kilele cha alasiri, maana anabana maji. Mnyama mwenye njaa huteremsha kima cha chini cha alfajiri, maana hana mafuta ya kuwasha tanuru usiku. Katika choroa wa Arabia tofauti ya siku ilipanuka wakati wa ukame pande zote mbili, na ilikuwa kubwa kuliko baada ya mvua. Kwa hiyo ukichapisha tofauti peke yake umeficha jambo lenyewe. Mfano ulio wazi zaidi ni wa mhanga, yule mnyama mla mchwa, wa Kalahari nchini Afrika Kusini. Katika ukame wa kiangazi cha 2012 hadi 2013, mchwa na sisimizi walipoadimika, mhanga waliokuwa na virekodi tumboni walianza kutoka mchana, wao ambao ni wanyama wa usiku, na halijoto ya miili yao ikashuka usiku baada ya usiku, mpaka nyuzi 25 kwa baadhi yao. Watano kati ya 6 walikufa. Aliyetazama mwendo peke yake angesema kwamba mhanga wamependa jua. Rekodi mbili zikiwekwa pamoja zinaonyesha mnyama anayetafuta joto la bure kwa sababu hana chakula cha kulizalisha.

Usije ukasoma kila kushuka kuwa ni dhiki, hata hivyo. Lemuri mdogo wa Madagaska mwenye mkia wa mafuta hulala miezi 7 ndani ya pango la mti, na kazi ya Kathrin Dausmann na wenzake ya 2004 ilionyesha kwamba katika pango lenye kuta nyembamba halijoto ya mwili wake hupanda na kushuka karibu nyuzi 20 kila siku pamoja na hewa, naye hadhuriki kwa lolote. Ni mnyama aliyejiandaa kwa mafuta mkiani. Swala wako hana hifadhi ya namna hiyo, na kima chake cha chini kikianza kuteremka wiki baada ya wiki, pima uzito wake mnapomkamata na uangalie kama mistari miwili inakwenda pamoja.

Nyayo_za_Alfajiri alijibu:

Nimerudi baada ya siku 3. Nimezifungua faili za mipangilio ya kola zote 6. Nne ziliwashwa kwa saa ya kompyuta, na 2 ziliachwa kwenye UTC, ambayo iko nyuma kwa saa 3. Hizo 2 ni za wanyama wale wale walioonekana kuamka kabla ya wenzao. Nilipozisogeza, wote 6 wanaanza kusogea dakika chache kabla ya jua kuchomoza. Tayari nilikuwa nimeandika kurasa 4 kuhusu tofauti zao za tabia, na nimezifuta.

Msimamizi amekubali safu ile iitwe halijoto ya kola. Ombi la kupandikiza wanyama 4 linakwenda kwenye kamati, likiwa na aya ya daktari kuhusu fisi kama alivyoiandika. Daktari, naomba unieleze jambo moja: beseni la maji la kulinganishia vifaa, ulisema maji yachanganywe muda wote, je, pampu ndogo ya tangi la samaki inatosha?

Mshipa_na_Sindano alijibu:

Inatosha, mradi kipimajoto cha rejea na virekodi vifungwe pamoja katika kitita kimoja katikati ya beseni, mbali na pampu yenyewe, kwa sababu mota yake hutoa joto. Subiri dakika 20 katika kila halijoto kabla ya kusoma. Nta hupitisha joto polepole.